Furu wanapotea hata pasipo kuliwa

Ukiuliza kwa nini samaki wa asili wa Ziwa Victoria wametoweka, utajibiwa upesi: sangara. Ni kweli. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akazagaa miaka ya 1980, na kati ya spishi zinazokadiriwa kufika 500 za furu, samaki wadogo wa asili ambao sangara huwala, takriban 200 zinadhaniwa zimetoweka. Lakini mimi ninayewachunguza samaki hawa nasikitishwa zaidi na jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni maji kuchafuka.

Chukua furu madume wawili. *Pundamilia pundamilia* ni wa samawati, mwenye milia myeusi ubavuni. *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu, ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Majike wao ukiwaweka pamoja utapata shida kuwatofautisha. Jike humchagua dume kwa rangi, kisha hulea mayai mdomoni. Spishi hizi zikichanganyika, watoto huzaliwa wazima na wao pia huzaa, kwa hiyo kinachozitenganisha hasa ni uwezo wa jike kuona.

Kisiwani Makobe, katika Ghuba ya Speke, kisahani cheupe tunachozamisha kupima uangavu huonekana hadi kina cha takriban mita 2. Hapo wekundu na wa samawati wanaishi jirani bila kuchanganyika. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, kisahani hupotea kwenye nusu mita tu. Huko utakuta samaki wa rangi za katikati, si wekundu hasa wala si wa samawati. Hakuna aliyewala wala kuwavua wakaisha. Spishi mbili zimeyeyuka zikawa moja.

Maji hayo yanatiwa ukungu na udongo unaomomonyoka mashambani, pamoja na mbolea na maji taka yanayostawisha mwani. Ziwa hili lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, na mamia ya spishi za furu yakachipuka baada ya hapo. Sisi tumeanza kuzifuta katika umri wa mtu mmoja.

Takwimu za uvuvi hazionyeshi hasara hii, maana furu wote hupimwa kwa kilo katika fungu moja. Kilo zinaweza kubaki zilezile huku spishi zikipungua. Ndiyo maana nasisitiza tupime uangavu wa maji kila msimu na turudishe uoto kwenye kingo za mito kama Simiyu, ambao humwaga udongo wake kwenye Ghuba ya Speke, ilipo Makobe.