Dhoruba katika picha za chapa za Ulimbwende: ina maana gani?

Katika picha za mandhari za Ulimbwende, mkondo wa sanaa uliotamba Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, dhoruba ni nadra kuwa habari ya hali ya hewa tu. Hubeba huzuni ya mtu, hofu ya Mungu, au wasiwasi wa taifa zima. Mwaka 1757 mwanafikra Edmund Burke alikuwa ameshaeleza kwa nini watu hupenda kuitazama: jambo la kutisha, likiwa mbali nasi kiasi cha kutotudhuru, huleta msisimko ambao uzuri mtulivu hauuwezi.

Picha za chapa, yaani zinazochapwa kwa wino kutoka kwenye bamba, ziliipa dhana hii nguvu ya pekee, hasa zile za mezotinti, mbinu inayoanzia gizani kuelekea mwangani. Fundi huanza kwa kulichakaza bamba la chuma au shaba kwa kifaa chenye meno, hadi uso wote uwe na vinundu vya kushika wino. Likichapwa hivyo lilivyo, karatasi hutoka nyeusi tii. Anapotaka mwanga, hukwangua na kulainisha. Kwa hiyo giza lipo tangu mwanzo, na kila mwali wa radi umetolewa humo kwa mkono. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: namna ya kazi na maana ya picha ni kitu kimoja.

Msanii Mwingereza John Martin alizitumia mbinu hizi kwa kishindo. Chapa yake ya Gharika ya 1828 ina radi, milima inayoporomoka na binadamu wadogo kama sisimizi. Inatisha, lakini haimwachii mtazamaji la kufikiri.

Mchoraji Mwingereza John Constable ana mengi zaidi. Alimpoteza mkewe Maria mwaka 1828, na mwaka 1831 akaonyesha picha ya Kanisa Kuu la Salisbury, kusini mwa Uingereza, likiwa chini ya mawingu mazito, radi ikipiga na upinde wa mvua ukitanda. Baadaye fundi wa chapa David Lucas aliifanya chapa kubwa ya mezotinti. Wengine huona humo msiba wa mchoraji. Wengine huona Kanisa la Uingereza likitikiswa na madai ya mageuzi ya kisiasa, ambayo Constable hakuyapenda. Si lazima tuchague. Huyu ndiye aliyechora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, akiandika nyuma ya karatasi saa na upepo ulikovuma, na wingu lake hubaki wingu hata linapobeba maana.

Lucas alichapa pia Old Sarum ya Constable: kilima cha mji uliohamwa karibu na Salisbury, anga limechafuka juu yake. Watazamaji wa wakati huo walijua kwamba mahame hayo bado yalikuwa na wabunge wawili mjini London. Sheria ya mageuzi ya uchaguzi ya mwaka 1832 iliwaondoa.