Mafuta ya Goti na Mafuta ya Kikaangoni

Mama mkubwa alipofika miaka 58, magoti yakaanza kulia kila anaponyanyuka mkekani. Jirani yake hakusubiri daktari. "Shoga, umeishiwa mafuta!" Tangu siku hiyo supu ya kongoro na bamia havikauki jikoni kwake.

Neno ndilo lililomponza. Kwetu mafuta ni ya alizeti yaliyomo kikaangoni, ni yale ya kiunoni yanayofanya kanga isifike, na ni hicho kinacholainisha goti. Vitu vitatu, jina moja, na humo huzaliwa maneno mengi kuhusu mafuta na mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi. Haya hapa manne.

"Goti limeisha mafuta"

Kinacholainisha goti ni ute, na ute huo hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe. Kongoro ukilimeza linasagwa tumboni kama chakula kingine, haliteremki gotini. Bamia vilevile, pamoja na mlenda wake wote.

Halafu, goti linalolia na kuuma mara nyingi ni gegedu lililochakaa, ile nyama ngumu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Mfupa kupungua uimara ni habari nyingine, na wenyewe hauumi. Mwanamke anaweza kukaa nao miaka hana habari, mpaka siku ateleze bafuni, ajikinge kwa mkono, na kifundo cha mkono kivunjike kwa kishindo kidogo tu. Chanzo kikubwa ni homoni ya estrojeni kushuka hedhi inapokoma: seli zinazobomoa mfupa zinawashinda mbio zile zinazoujenga. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mtu anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake.

Na kalsiamu ya kongoro? Hata ukichemsha usiku kucha, inayotoka mfupani kuingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Siku moja niliacha bakuli la mama mkubwa lipoe. Juu pakaganda tabaka jeupe lililong'ang'ania kijiko hadi nikalisugua kwa maji ya moto. Hayo ndiyo mafuta aliyokuwa akiyapata.

"Basi acha mafuta kabisa"

Hili lilijaribiwa Marekani, katika mradi wa Women's Health Initiative, kwa wanawake 48,835 wa miaka 50 hadi 79 waliokwisha kukoma hedhi. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta, shabaha ikiwa asilimia 20 ya nguvu yote inayotokana na chakula, na kuongeza matunda, mboga na nafaka. Baada ya miaka kama 8, makundi yote mawili yalivunjika mifupa kwa kiwango kilekile. Waliopunguza mafuta walianguka-anguka pungufu kidogo, lakini mfupa wa nyonga ulikuwa mwepesi kidogo kuliko wa wenzao.

Uchambuzi mwingine wa mradi huohuo uliona waliokula zaidi mafuta yanayoganda, ya nyama na siagi, walivunjika nyonga zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kuwa siagi ndiyo mkosaji, ila mimi lingenitosha kubadili chupa ya jikoni. Kubadili, si kuitupa: vitamini D na K, ambazo mfupa unazihitaji, hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta. Sukuma wiki ya kuchemsha tupu inajipunja.

"Maziwa yaliyotolewa mafuta hayana kalsiamu"

Yanayo. Kalsiamu haikai kwenye malai. Kikombe kina miligramu kama 300, malai yawepo yasiwepo.

"Mnene havunjiki"

Nusu ya kweli. Mwili wenye mafuta hutengeneza estrojeni kidogo hata baada ya hedhi kukoma, na wembamba wa kupindukia ni hatari kweli. Lakini wanene nao huvunjika, hasa kifundo cha mguu.

Siku hizi mama mkubwa anakula dagaa mzimamzima, mifupa na yote, wa kuunga kwa nyanya na alizeti. Kongoro limebaki la Jumapili, kwa utamu tu. Goti bado linalia.