Vardy hakutoka kiwandani moja kwa moja hadi ubingwa

Kwenye vibanda umiza utasikia sana: mshambuliaji Jamie Vardy alikuwa kibarua wa kiwandani, klabu ya Leicester City wakambahatisha kwa bei ya kutupa, kesho yake akawa bingwa wa Uingereza. Si kweli, na simulizi hiyo inamnyima jasho lake.

Kiwandani alifanya kazi kweli, wakati akiichezea klabu ndogo ya Stocksbridge Park Steels kwa pauni 30 kwa wiki. Lakini kabla ya Leicester alipitia Halifax, kisha Fleetwood Town, alikofunga mabao 31 ya ligi msimu wa 2011/12. Leicester walilipa pauni milioni 1 mwezi Mei 2012. Kwa mchezaji wa daraja la tano hiyo ilikuwa rekodi, hakuna aliyebahatisha.

Kinachosahaulika zaidi ni msimu uliofuata. Mabao manne tu ya ligi! Mashabiki wakamsema, naye akafikiria kuacha mpira kabisa. Kocha Nigel Pearson na msaidizi wake Craig Shakespeare ndio waliomshikilia abaki. Msimu wa pili akapachika 16, timu ikapanda daraja. Msimu wa kwanza Ligi Kuu, akafunga matano.

Novemba 28, 2015, ndipo beki wa Leicester, Fuchs, akampenyezea pasi nyuma ya mabeki wa Manchester United, Vardy akachomoka, shuti la chini likampita kipa De Gea. Mechi ya 11 mfululizo ya Ligi Kuu akifunga, rekodi ya mechi 10 ya Van Nistelrooy, mshambuliaji wa zamani wa Manchester United, ikavunjika. Ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu tangu asajiliwe.