Umbali wa ndege si muda wa safari

Ile namba ya kilomita unayopewa ukiuliza umbali wa ndege kati ya miji miwili ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Basi. Chukua tufe, vuta uzi kutoka London hadi New York, ukaze: kama kilomita 5,550. Kwenye ramani ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini, na wapo wanaodhani rubani anazunguka bure. Inayodanganya ni ramani.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza pale mtu anapoigawa namba hiyo kwa 900, kwa kuwa kasoma mahali kwamba ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa, kisha akamtangazia msafiri: "Ni saa sita tu." Saa sita hizo nani amezisafiri?

Kasi hiyo hupimwa dhidi ya hewa inayoizunguka ndege, na hewa yenyewe haijatulia. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingine huzidi kilomita 300 kwa saa. Ndege ya kwenda London husukumwa mgongoni. Ya kwenda New York huupokea usoni. Ndiyo maana ratiba huandika kama saa 7 upande mmoja na kama saa 8 upande mwingine. Februari 2020, dhoruba Ciara ilipokuwa ikielekea Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Miji haikusogezwa.

Halafu kuna siasa, ambayo uzi hauijui. Helsinki na Tokyo zimeachana kama kilomita 7,800. Zamani ndege za Finnair zilikatiza juu ya Urusi na kufika kwa saa 9 na nusu hivi. Anga la Urusi lilipofungwa kwao mwaka 2022 zikalazimika kuzunguka, nyingine zikipita juu ya Ncha ya Kaskazini, na safari ikawa kama saa 13. Kilomita bado ni 7,800.

Kumbuka pia kwamba saa za ratiba huanza ndege inaposogea kutoka maegeshoni na huisha inapoegeshwa upande wa pili, kwa hiyo foleni ya kuruka imo. Foleni ya ukaguzi haimo, wala kungoja ndege ya kuunganisha.

Kwa hiyo, ndugu, gawa ukipenda, ila jibu lako liite makadirio ya kuruka. Muda usome kwenye ratiba, kwa upande unaokwenda. Na usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika kabla hujazirudisha kwenye majira ya mji mmoja, maana kwa hesabu hiyo anayeondoka Tokyo jioni hufika Los Angeles asubuhi ya siku ileile, yaani kabla hajapanda ndege.