Hoteli ya Chalinze imehamia Maili Moja, na sahani imeshuka bei

Jumamosi moja mwezi Machi nilikuwa Chalinze kufunga hesabu za hoteli ambayo nimeitunzia vitabu kwa miaka tisa. Nasema hoteli kwa maana yetu ya barabarani: kitanda hakuna hata kimoja, kuna meza kumi na nne, banda la nyama choma, choo cha kulipia na sinki la kunawia lililopasuka ubavuni. Mama mwenye hoteli alikuwa ameshapakia friza mbili na masufuria ya pilau kwenye Canter. Juu ya kaunta lilibaki daftari la madeni, na tulikuwa tukibishana kama lile daftari ni mali au ni taka. Nitalirudia.

Mimi ni mhasibu. Wateja wangu wengi ni hoteli, mabucha na baa za Barabara ya Morogoro, kuanzia Kibamba mpaka Mikese. Tangu mama ahamie Kibaha nimeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini nilimwacha akaondoka sehemu aliyojenga mwenyewe kwenda kupanga fremu ya mtu. Ukweli ni kwamba nilimpinga. Lakini pia wanaouliza wana picha isiyo sahihi ya biashara ya njia panda, na hiyo ndiyo nataka kuieleza.

Ukitoka Dar, Chalinze ni kilomita zipatazo 100. Ukinyoosha unakwenda Morogoro, ukikunja kulia unakwenda Segera, na kutoka huko Tanga, Moshi na Arusha. Mtu akisimama pale dakika tano akahesabu magari anasema hapa huwezi kukosa wateja. Tatizo, gari linalopita halinunui wali. Linalonunua ni lililosimama, na anayeamua lisimame wapi ni dereva, abiria hana sauti. Ndiyo maana dereva na kondakta wanakula bure, na sahani yao si ya kubahatisha: paja la kuku, kachumbari pembeni, soda baridi. Kwa mama zilikuwa sahani kumi na nne za bure kwa siku nzuri. Mimi niliziandika kama gharama za mauzo. Ofisa mmoja wa kodi aliwahi kunionyesha mstari ule kwa kalamu akaniuliza, "Hawa ndugu ni akina nani?" Nikamwambia hao ndio tangazo la biashara.

Basi likisimama kondakta anatangaza dakika kumi na tano, kuchimba dawa na kula. Watu hamsini wanashuka pamoja, nusu wanakimbilia chooni, na wanaobaki wanakula kile tu walichokikuta tayari. Kwa hiyo chipsi zinakaangwa kabla ya mlio wa injini, kuku anakaa kwenye kabati la kioo, na pilau inaanza kupikwa saa kumi alfajiri kwa ajili ya watu ambao bado wamelala Dar. Msafiri analipa, anakula haraka, na akigundua kwamba kuku alikuwa mkavu anagundulia Ubena Zomozi. Hawezi kurudi kulalamika, na hata akikasirika hana hakika ile hoteli inaitwaje. Bei ya njia panda inabeba hilo. Wali nyama wa mama ulikuwa 6,000, na baada ya kutoa mchele, nyama, mafuta, mkaa na mkono wa mpishi, sahani ilimwachia kama 3,200. (Takwimu zake nimezisogeza kidogo, siri za mteja ni siri, lakini uwiano ni uleule.)

Biashara ya namna hiyo haiuawi na hoteli ya jirani. Inauawa na ratiba.

Mabasi ya mikoani yalipotoka Ubungo mwaka 2021 yakaanzia Mbezi Luis, watu waliona ni jambo la Dar. Kwenye vitabu vya Chalinze lilionekana ndani ya miezi michache. Abiria aliyekuwa akiondoka Ubungo na kupigania foleni ya Kimara alifika Chalinze ana njaa. Anayeanzia Mbezi anafika bado ana ladha ya chai mdomoni. Kisha Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya katazo, na sehemu ya wale abiria wa mchana wakawa wanapita Chalinze wamefumba macho.

Pigo lenyewe, hata hivyo, halikuwa la mabasi. Hili wengi hawalijui, na hata mimi lilinichukua muda kuliona kwa sababu lilikuwa limejificha kwenye siku za wiki. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, barabara hii ilipata mteja mpya: mtumishi mwenye ofisi Dodoma na familia Dar. Ijumaa jioni anashuka, Jumapili au alfajiri ya Jumatatu anapanda. Ana gari lake, wamechangiana mafuta watu wanne, hawana kondakta wa kuwahesabia dakika. Huyu ndiye aliyekuwa akiagiza kilo ya mbuzi na ndizi za kuchoma, akakaa saa nzima na kufunga nyingine ya kupeleka nyumbani. Ukichukua vitabu vya mama vya 2018 mpaka 2023 ukapanga mauzo kwa siku, Ijumaa na Jumapili zinasimama kama minazi miwili katikati ya majani.

Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na kabla ya Agosti ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida mpaka Dodoma ilipangwa 31,000. Mtu mwenye akili zake hawezi kuendesha gari saa saba akapishane na malori wakati anaweza kufika chini ya saa nne amelala. Na reli yenyewe haigusi Chalinze. Inapita Soga, Ruvu na Ngerengere. Minazi yangu miwili ikakatwa. Kufika Desemba, Ijumaa ilikuwa inauza sawa na Jumanne.

Kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko mauzo madogo: yalikuwa mauzo yasiyotabirika. Leo sahani 70, kesho 19. Kwa hoteli hilo ni sumu, maana mchele ukishalowekwa haurudi gunia. Mauzo madogo ya uhakika unaweza kuyapikia. Yanayoruka unayapikia kwa kubahatisha, na chakula kinacholala kinakula faida ya sahani zilizouzwa.

Tulipokaa kujadili pa kwenda, mimi nilipendekeza Vigwaza. Nilikuwa na hoja nzuri: mizani ya malori iko pale, bandari kavu ya Kwala haiko mbali, na malori ya kwenda Kongo na Zambia hayana mpango wa kupanda treni. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kuangalia chini ya trela. "Mwanangu, yule ana jiko la gesi, ana sufuria, ana unga. Anapika ugali wake pale kwenye kivuli cha tairi. Kwangu atakuja kununua soda." Nilikwenda kuangalia. Majiko yalikuwepo.

Akachagua Kibaha, Maili Moja, kilomita kama 40 tu kutoka katikati ya Dar. Na hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanadhani ukisogea mjini unapandisha bei. Mama ameshusha. Wali nyama uleule wa 6,000 sasa ni 4,000, na unamwachia 1,400 tu, kwa sababu mama lishe watatu wako hatua chache kutoka mlangoni na mteja anawajua wote kwa majina.

Juu ya hiyo 1,400 kuna mwenye nyumba. Chalinze alikuwa kwake, pango sifuri. Kibaha fremu mbili zilizounganishwa ni 800,000 kwa mwezi, mwaka mzima mbele. Mwenye nyumba akasema anataka hela yake safi, "mambo ya kodi malizaneni huko". Maneno haya ni ya kawaida na yanawaumiza wapangaji wengi kuliko pango lenyewe, kwa hiyo nisimame hapo kidogo. Mfanyabiashara anayepanga anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kodi ni ya mwenye nyumba. Wewe ni mkono tu. Lakini kama mmekubaliana apokee 800,000 kamili, basi pango lako halisi si 800,000, wala si 880,000 kama wengi wanavyojumlisha. Ni 888,889, kwa sababu asilimia 10 inakatwa kwenye namba kubwa. Hiyo ndiyo inayotakiwa kuandikwa kwenye mkataba. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia moja ya pango la mwaka. Kwa lugha ya jikoni, pango la mama ni sahani 635 kwa mwezi. Anafunga Jumapili, kwa hiyo kila siku ya kazi sahani 25 za kwanza ni za mwenye nyumba, na hapo mshahara na luku bado.

Kabla ya kusaini tulipima pia umbali kutoka barabarani. Sheria ya barabara ya 2007 inataja hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na Barabara ya Morogoro ina vipande ambavyo hifadhi yake ni pana zaidi ya hapo. Waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa. Fremu nzuri zaidi tuliyoiona tuliiacha kwa sababu hiyo. Leseni ya biashara nayo haihami na Canter: Chalinze na Kibaha zote ni Pwani, lakini halmashauri ni mbili, kwa hiyo leseni ni mpya na afisa afya anakagua upya. TIN, namba ya mlipakodi, inabaki ileile, unabadilisha anwani, na mashine ya risiti, EFD, unaitolea taarifa ya eneo jipya.

Sasa kwa nini inalipa, kama inalipa. Hajapata bado mwezi wa kujivunia, ila anauza sahani 110 mpaka 120 kila siku, Jumatatu kama Alhamisi. Supu na chapati kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kwa wanaowahi daladala za mjini, mchana watu wa ofisi na wa Hospitali ya Tumbi, jioni chakula cha kubeba. Anajua leo jioni kesho atapika kilo ngapi. Chakula kinacholala ni kidogo, na zile sahani kumi na nne za madereva hazipo. Faida ya kila sahani imepungua zaidi ya nusu na bado mfuko wa mwisho wa wiki haujapungua kwa kiasi hicho.

Ninachokitazama kwa wasiwasi ni dari. Mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, lazima usajiliwe VAT. Kwa siku zake 312 hiyo ni kama 641,000 kwa siku, sahani 160. Hayuko mbali. Asilimia 18 ikiwa ndani ya bei ile ile ya 4,000, inachukua shilingi 610 katika kila sahani, na mteja wa Maili Moja hatakubali 4,720. Biashara nyingine hujitetea kwa kudai VAT waliyolipa kwenye manunuzi, lakini mchele, nyama mbichi na mboga vya sokoni havina VAT, kwa hiyo hoteli ina kidogo sana cha kudai. Nimemwambia sahani ya 150 aifikie taratibu.

Wafanyakazi waliohama naye ni wawili. Wengine wana mashamba ya mananasi upande wa Kiwangwa, na hawana sababu ya kwenda kulipa kodi ya chumba Kibaha.

Turudi kwenye daftari. Lilikuwa na milioni moja na laki tatu: walimu, bodaboda, mafundi wa gereji, mwenye duka la vipuri aliyekula mbuzi wa Eid miaka miwili iliyopita. Mimi nilitaka kuyafuta yote, madeni chechefu, tufunge kitabu. Mama akanishika mkono tukazunguka nalo mitaani mchana kutwa. Zikarudi laki nne na ushee taslimu. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa anadaiwa 86,000 hakuwa na kitu mfukoni, akaunga miguu ya jiko la choma iliyokuwa imeoza, palepale, huku Canter inasubiri. Niliandika 86,000 kama deni lililolipwa na 86,000 kama matengenezo, na nadhani ni ingizo sahihi kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye vitabu vile.

Wiki ya tatu nilipita Maili Moja mchana. Dada mmoja aliyevaa sare ya unesi aligeuza nyama kwenye sahani yake kwa kijiko, akahesabu, akaita kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, shikamoo. Jana zilikuwa nne."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaja na mwiko, akaongeza kipande, kisha akanigeukia mimi kwenye kona yangu.

"Mhasibu, na hicho kiandike."