Rodi ngumu, rodi nyekundu na glasi ya maziwa: dhana potofu za kuchomelea tunazorithishana

Juzi kijana wangu wa karakana kaenda dukani, muuzaji kamwambia kuna rodi (vijiti vya kuchomelea) "zenyewe" ngumu kuliko hizi za kila siku, karudi na pakiti ya rodi namba 7018 anatabasamu mpaka masikioni, na kazi yenyewe ni dirisha la skwea paipu ya milimita 1.2. Nusu saa nzima rodi inanata, akiongeza moto paipu inatoboka. Simlaumu, sisi mafundi ndio tumemfundisha kwamba namba kubwa ndio rodi bora.

Hizo namba zinasomeka hivi. Kwenye 6013, ile rodi ya kila siku, tarakimu 2 za mwanzo ni nguvu ya mshono ukivutwa, angalau paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, kama megapaskali 410 hivi, na 7018 ni 70,000, kama 480. Tarakimu ya tatu ikiwa 1 maana yake unachomelea mkao wowote hata juu ya kichwa, na ya mwisho inakwambia unga uliopakwa nje ya rodi ni wa aina gani na unataka umeme gani. Chuma cha kawaida cha geti na grili hakizidi sana nguvu ya 6013, kwa hiyo geti likikatika kwenye kiungo mara nyingi ni kwamba moto haukupenya, au ulichomelea juu ya kutu na rangi, rodi unaisingizia tu. Siri ya 7018 wala sio hizo 10,000 za ziada, ni hidrojeni ndogo kwenye unga wake, ndio maana inatafutwa kwa vyuma vinene, chesisi, mihimili, vitu vinavyobeba mzigo. Halafu inapenda umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja kama wa betri, na mashine nyingi za koili zinazosukwa mtaani hazina volti za kutosha kuiwasha vizuri, utaona inazima zima unadhani rodi mbovu.

Hidrojeni inatoka wapi? Unyevu. Maji yakiwa kwenye unga yanavunjwa na moto, hidrojeni inaingia kwenye chuma kikiwa bado kimeyeyuka, na kama chuma ni kigumu au kinene, ufa unazaliwa baadaye, wakati mwingine kesho yake au keshokutwa, pembeni ya mshono, mteja keshalipa na kuondoka. Hapa ndipo inapokuja ile ya "rodi zimelowa? anika juani". Kwa 6013 iliyopata ubaridi kidogo sikatai, ila 7018 iliyonyonya unyevu jua haliifanyi kitu, inataka oveni ya nyuzi 300 na zaidi kwa saa 1 au 2, na ukishaitoa itumie ndani ya saa 4 hivi au iweke kwenye oveni ndogo ikae na joto. Ajabu ni kwamba rodi za 6010 na 6011 ni kinyume kabisa, unga wake unahitaji unyevu kiasi ili moto uchimbe vizuri, ukizioka umeziua. Kwa hiyo ushauri wa "kausha rodi zote" nao ni nusu ukweli.

Rangi ya unga nayo watu wanabishana, nyekundu ngumu, nyeupe laini... ni uamuzi wa kiwanda tu, soma namba kwenye rodi.

Nije kwenye kasti, yaani chuma cha kumimina kwenye kalibu, maana hapa ndio watu wamepoteza hela. Kwa nje inafanana na chuma kingine, kumbe ina kaboni asilimia 2 mpaka 4, wakati chuma cha geti hakifiki hata 0.3. Miaka ya nyuma nililetewa mwili wa mashine ya kusaga umepasuka, nikaujaza 6013 mshono mmoja mrefu, umetoka mzuri unang'aa, najipongeza, naenda kunywa chai nasikia "ta!" Umepasuka tena pembeni ya nilipochomelea. Kilichotokea ni kwamba kaboni iliingia kwenye mshono ukawa mgumu kama chupa, halafu ukipoa unajivuta na kasti haina tabia ya kunyumbulika, inaachia. Dawa yake ni rodi ya nikeli, maana nikeli inabaki laini hata ikipokea hiyo kaboni. Ipo ya karibu nikeli tupu, ambayo unaweza kuipitisha kwenye lezi (mashine ya kuchonga chuma) au kuitoboa kwa drili bila shida, na ipo ya nusu nikeli nusu chuma, nafuu kidogo na inavumilia zaidi kwenye kasti nene. Ila hata nikeli haikuokoi ukichomelea kwa pupa: toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, weka mshono wa sentimita 2 au 3 tu, ugongegonge kwa nyundo ungali wa moto, subiri mpaka uweze kugusa kwa mkono ndio uendelee. Inachosha, najua. Na kama ulipasha kazi nzima moto, ifukie kwenye majivu makavu ipoe taratibu mpaka kesho.

Springi ya Fuso iliyokatika ni kesi nyingine. Watu wanauliza rodi gani inaifaa, mimi nasema nunua springi. Ugumu wake umetokana na kaboni nyingi na kupikwa kwa moto kiwandani, ukiichomelea umeharibu huo upishi palepale pembeni ya mshono, rodi yoyote ile.

Stenlesi sasa. "Sumaku ikishika sio stenlesi." Hii iliniletea ugomvi, mteja wa reli za ngazi kapitisha sumaku kwenye viungo, imevutwa kidogo, kaanza kusema fundi kaniibia, kachomelea kwa chuma. Nilikuwa nimetumia 308L, ndio rodi sahihi ya stenlesi 304, na mshono wake unatengenezwa makusudi uwe na sehemu ndogo inayovutwa na sumaku, kwa sababu hiyo ndio inayozuia usipasuke ukiwa wa moto. Na ipo stenlesi ya 430 inayoshikwa na sumaku yote, na bado ni stenlesi. Ukiunga stenlesi na chuma cha kawaida tumia 309L, ina kromi na nikeli nyingi kwa sababu itachanganyika na chuma na kupungua nguvu. Ukiweka 6013 hapo mshono unakuwa mkavu wa kukatika na unaota kutu, hata upige msasa mpaka ung'ae.

Eti kuunga kwa shaba ni kugandisha tu, hakuna nguvu. Fremu nyingi za baiskeli za zamani zimeungwa hivyo, zimebeba magunia ya mkaa miaka na miaka. Chuma hakiyeyuki, shaba ndio inayeyuka na kunyonywa kwenye uwazi mdogo, sehemu ya kumi ya milimita hivi. Ukiacha uwazi mkubwa ukajaza kama udongo, hapo kweli haina nguvu.

Na maziwa. Kila karakana niliyopita wanasema ukichomelea bomba la maji, lile lililopakwa zinki kuzuia kutu, kunywa maziwa yasafishe sumu. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda kwenye mapafu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 tu, moto wa rodi uko juu mbali sana, ndio ule moshi mweupe, na usiku unatetemeka na homa kama una malaria, halafu siku moja au mbili inaisha na watu wanasema maziwa yamesaidia, kumbe ingeisha tu. Saga zinki yote pembeni ya kiungo kwa greinda, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi, fungua milango, na simama upande upepo unakotokea.