Kabla Hujaitupa Gia ya Sturmey-Archer

Karibu kila anayeniletea Raleigh au Rudge ya zamani ya gia tatu huingia karakana na maneno yaleyale: gia imekufa, nitapata wapi nyingine? Naigeuza baiskeli magurudumu juu, nazungusha pedali kwa mkono, nasikiliza. Mara nyingi gia ni nzima, ila imekaa miaka bila oili mpaka iliyobaki ndani imekuwa gundi. Kinachonisikitisha ni vile vitu ambavyo mwenyewe ameshavitupa kabla ya kuja kwangu: bakuli za gololi za ekseli ya pedali, bakuli za shingo ya uma, nati ya kufungia. Hivyo ndivyo vigumu kupatikana. Habu za Sturmey-Archer, yaani vile vitovu vya gurudumu la nyuma vyenye gia ndani, zimejaa Uingereza nzima, lakini bakuli ya Raleigh yenye nyuzi 26 za skrubu kwa inchi utaitafuta mpaka uchoke.

Nafanya kazi hii Nottingham, mji walikozaliwa Raleigh na Sturmey-Archer. Gia hizi zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa karne iliyopita chini ya Frank Bowden wa Raleigh, zikabeba majina ya Henry Sturmey na James Archer, ingawa William Reilly naye alikuwa na mkono mkubwa katika ubunifu wake. Kiwanda cha hapa kilifungwa mwaka 2000, mashine zikanunuliwa na SunRace ya Taiwan, na gia zenye jina hilo bado zinatoka huko. Hilo la mwisho ni jema kwetu mafundi, maana kebo mpya, vishikio vya gia na vijimnyororo vya kuvutia gia vinapatikana dukani hata leo.

Habu utakayokutana nayo mara nyingi ni ile iliyoandikwa AW. Ilitoka mwaka 1936 na umbo lake la ndani halikubadilika sana kwa miongo mingi, kiasi kwamba naweza kuchukua matumbo ya habu ya miaka ya 1950 nikayaingiza kwenye ganda la miaka ya 1970 na yakafanya kazi. Futa uchafu juu ya ganda utaona tarehe imegongwa pale. Ukisoma AW 62 5, habu hiyo imetengenezwa Mei 1962. Gurudumu laweza kuwa limebadilishwa njiani, lakini mara nyingi tarehe hiyo hukupa umri wa baiskeli nzima.

Ndani kuna gia ya katikati yenye meno 20, imeshikana na ekseli na haizunguki. Kuizunguka kuna vijigia vinne vya meno 20 kila kimoja, na nje yao pete yenye meno 60 kwa upande wa ndani. Klachi yenye umbo la msalaba husogea juu ya ekseli ikivutwa na kile kijimnyororo kinachotokeza upande wa kulia. Gia ya pili hupitisha nguvu ya mnyororo kama ilivyo. Ya kwanza huipunguza kasi ya gurudumu hadi robo tatu, na ya tatu huiongeza kwa theluthi moja. Kebo ikilegea kabisa au ikikatika, baiskeli hubaki gia ya tatu, yaani ile nzito, na utarudi nyumbani nayo hivyohivyo.

Sasa kuna jambo ambalo limewaangusha watu. Kati ya gia ya pili na ya tatu pana nafasi ambapo klachi imeiachia pete lakini bado haijazishika pini za vijigia. Hapo pedali huzunguka bure. Kama umesimama juu ya pedali unapanda mlima, mguu unazama ghafla na kifua kinakwenda kwenye usukani. Mtu akipatwa na hilo anasema gia inateleza, imekwisha. Hapana, kebo ndiyo haijapimwa. Weka kishikio kwenye gia ya pili, ambayo kwenye vishikio vingi imeandikwa N. Chungulia kwenye tundu la nati ndefu ya upande wa kulia. Kijimnyororo kimeungwa kwenye kifimbo chembamba kinachoingia ndani ya ekseli, na bega la kifimbo hicho linatakiwa lilingane sawasawa na mwisho wa ekseli. Likizama ndani, kaza kebo kidogo kwa kuzungusha kirekebishi. Likitokeza nje, ilegeze. Kisha funga nati ndogo ya kuzuia. Ni kazi ya dakika chache na hakuna kipuri cha kununua. Hakikisha tu kwanza kwamba kijimnyororo kimeingizwa hadi mwisho kwa vidole na kurudishwa nyuma si zaidi ya nusu mzunguko, ili kikae kimeelekea kwenye kebo bila kujipinda.

Kama gia haishiki hata baada ya hapo, usikimbilie kuifungua. Kwenye ganda kuna tundu dogo la oili lenye kifuniko. Tia mafuta ya taa kidogo, zungusha gurudumu, badilisha gia mara nyingi, laza baiskeli ubavu usiku kucha, kisha iache ichuruzike. Kitakachotoka ni uji mweusi au wa kahawia. Rudia mpaka kitoke kisafi, ndipo utie oili nyepesi ya injini, kijiko kimoja cha chai kikiwa kingi tayari. Oili zile za chupa ndogo za kupaka bawaba za milango siziruhusu kabisa ndani ya habu, kwa sababu zikikauka ndizo zinazoacha ile gundi. Grisi nayo ina mahali pake, kwenye gololi za pembeni. Ikiingia ndani hunasa vile vibanio vidogo vyenye springi kama nywele, navyo vikinasa ndipo gia inapogoma kweli.

Ikibidi kufungua, fungua kwa utulivu, meza safi, taa ya kutosha. Ondoa koni ya kushoto, ile inayobana gololi, na nati zake. Upande wa kulia kuna pete ya gololi yenye vipengele viwili, nayo hufunguka kwa kugongwa na nyundo na kipande cha chuma kinyume na saa. Kabla ya kuigonga, weka alama kwenye pete na alama nyingine inayolingana nayo kwenye ganda. Pete hii ina nyuzi zenye mianzo miwili, hivyo inaweza kuingia kwa namna mbili, na ukiirudisha kwa mwanzo usio wake, gurudumu laweza kuyumba kidogo upande mmoja. Mikwaruzo miwili ya msumari inakuepusha na kunyoosha spoku upya. Wakati wa kufunga, koni ya kulia hukazwa kwa vidole hadi iguse, kisha hurudishwa nusu mzunguko na kufungwa hapo. Marekebisho yote yanayobaki hufanywa upande wa kushoto. Acha gurudumu licheze kidogo sana kwenye rimu. Habu iliyobanwa ni nzito na hujila yenyewe.

Nirudi kwenye zile nyuzi. Viwanda vingi vya Uingereza vilitumia nyuzi 24 kwa inchi kwenye ekseli ya pedali na shingoni mwa uma. Raleigh ilishikilia 26 zake. Kwa macho hutaona tofauti, na bakuli ya nyuzi 24 huingia mizunguko michache ya kwanza vizuri tu, halafu inaanza kukaza. Anayeongeza nguvu kwa spana ndefu hapo anachana nyuzi za fremu, na fremu iliyochanwa nyuzi ndiyo mwisho wa hadithi. Nunua kipimo cha nyuzi, ni chuma kidogo cha bei rahisi, kiweke mfukoni.

Usiamini nembo ya mbele peke yake. Raleigh iliichukua Humber mwaka 1932, Rudge 1943, Triumph 1954 na BSA 1957. Mwaka 1960 ikaunganishwa na kampuni za baiskeli za Tube Investments, zikiwemo Phillips na Hercules za Birmingham. Kwa hiyo Triumph ya 1950 na Triumph ya 1965 zaweza kubeba jina moja na kutofautiana kila kitu ndani. Gia kubwa ya mbele husaidia kutambua: yenye vichwa vya korongo ni ya Raleigh, yenye wanaume watano ni ya Humber. Lakini kipimo ndicho chenye neno la mwisho.

Bakuli ya ekseli ya pedali upande wa mnyororo huwa na nyuzi za kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungusha kulia. Mimi siitoi kama haina mashimo. Naisafisha palepale kwa kitambaa na tochi. Gololi nabadilisha zote bila kujadiliana, 11 za robo inchi kila upande, kwa sababu ni bei ya soda.

Kotapini, zile pini zinazofunga mkono wa pedali kwenye ekseli, ndizo zinazovunja watu moyo. Ukigonga pini iliyogandamana huku mkono wa pedali unaning'inia hewani, nguvu yote inakwenda kwenye gololi na bakuli zile adimu. Simamisha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedali, acha nati imefunguliwa mizunguko miwili tu ili ilinde nyuzi, gonga pigo moja zito. Bora zaidi ni kifaa cha kubana. Pini za Raleigh ni za milimita 9.5, lakini mteremko wa bapa lake hutofautiana na pini nyingi za dukani. Hapo ndipo tupa laini inapohitajika. Naingiza pini, naitoa, naangalia ile sehemu iliyong'aa ilipogusana na ekseli, napitisha tupa pale tu, narudia, hadi mng'ao uenee bapa zima. Pini ikigusa kwenye ncha moja tu, ndani ya wiki utasikia mlio kila pedali inaposhuka.

Kwenye magurudumu, wasomaji walioko nyumbani Afrika Mashariki wana bahati kuliko mimi. Waingereza walizoea spoku 32 mbele na 40 nyuma. Huku nikitafuta rimu ya matundu 40 naandika barua pepe za kuomba. Afrika Mashariki, baiskeli nyeusi za mizigo za India na China, zile ambazo Kenya wanaziita Black Mamba, zimefuata umbo la Kiingereza, na rimu za 28 kwa 1½ zenye matundu 32 na 40 bado zinaning'inia madukani pamoja na vyuma vya breki. Ukiwa na Raleigh ya babu yenye breki za fimbo, anza na duka la vipuri mtaani kwako kabla ya kuagiza chochote Ulaya. Kinachokosekana huko ni vitu vya ndani ya habu, navyo ni vidogo na vyepesi kutumwa kwa posta.

Ila tairi kuwa makini nazo. Raleigh Sports hutumia 26 kwa 1⅜, ambayo kipenyo cha kitako chake, pale inapokaa kwenye rimu, ni milimita 590. Tairi ya inchi 26 ya baiskeli ya milimani ni milimita 559, na hakuna namna ya kuivalisha. Ile ya 28 kwa 1½ ni 635. Soma namba ya milimita, ipuuze ya inchi.

Rangi na maandishi ya dhahabu naviacha vilivyo, hata vikiwa vimechakaa. Kutu ya juu kwenye kromu hutoka kwa kusugua na karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji.

Na kama habu yako ya mbele ni nene na ina nyaya mbili, hiyo ni Dynohub, dainamo ya volti 6 ndani ya habu. Usiitenganishe sumaku na koili yake bila kuingiza pete ya chuma mahali pa koili wakati uleule. Sumaku ikikaa wazi hupoteza nguvu, na taa haitawaka tena kama zamani.

Vipuri vingine napata kwa kununua baiskeli nzima mbovu, hasa ya kike. Hapa Uingereza fremu za kike huuzwa rahisi kwa sababu wakusanyaji hawazitaki, na bakuli, habu, pini na kishikio cha gia ni vilevile.